Sayansi kwa Mikono: Vitu Vilivyopo Kambini Vinatosha Kuanzia



Katika karatasi hii tumezoea kuwaletea habari za maji, posho, afya na usafi. Safari hii tunazungumza juu ya shule, na hasa somo la sayansi. Katika mikutano ya wazazi limejitokeza swali ambalo linaulizwa kwa uchungu: "Kwa nini mwalimu anawatoa watoto nje kucheza na mawe na kamba, wakati mtihani unakaribia na madaftari hayajajaa?"

Swali hilo ni la haki. Mzazi mkimbizi hana shamba wala ng'ombe wa kumrithisha mtoto wake. Alichonacho ni shule tu. Akiona shule inachezewa, lazima aulize. Kwa hiyo tulijibu kwa utaratibu, hatua kwa hatua.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nianze na jambo lililonipata. Wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wakitokea Kivu ya Kusini, nami nikazaliwa hapa Kigoma, kambini. Nilimaliza sekondari katika shule ambayo sitaitaja. Katika biolojia nilikuwa napata alama nzuri. Mwalimu aliandika ubaoni kwa Kifaransa, sisi tukanakili, tukaimba, na siku ya mtihani tukayarudisha maneno yaleyale kama tulivyoyapokea. Simlaumu mwalimu. Tulikuwa zaidi ya mia darasani, naye hakuwa na kitu mkononi ila chaki.

Nilipoanza kazi ya uhamasishaji, wiki ya kwanza nilitumwa kuhimiza kunawa mikono kwa sabuni. Mama mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mikono yangu nimeinawa kwa maji, unaiona ni misafi. Sabuni yangu ni kipande kimoja kwa mwezi. Kwa nini niimalize kwa mikono misafi?"

Nikamjibu kwa maneno ya daftari, kwamba kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na majina yake ya Kifaransa nikayataja. Akacheka kwa upole, akasema: "Hayo umeyasoma, mwanangu. Je, umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona. Miaka yote ya sekondari sikuwahi kufanya jaribio hata moja kwa mikono yangu. Nilikuwa na maneno, lakini sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Siku hiyo nilielewa kwamba sayansi ya kuimba inamfikisha mtu kwenye mtihani tu, na akitoka hapo hana cha kumsaidia jirani yake.

KAZI HII HAIKUANZIA KWETU

Wengine husema: "Majaribio ni ya shule za matajiri, zenye maabara." Si kweli, na historia inatuonyesha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shule nyingi zilikuwa zimebomolewa na vifaa vimeteketea. Shirika la UNESCO likatoa kitabu kidogo cha mwalimu Mwingereza, J. P. Stephenson, kilichoandikwa kwa ajili ya walimu wa sayansi katika nchi zilizoharibiwa na vita. Kitabu hicho kilionyesha jinsi ya kutengeneza vifaa kwa mikebe, chupa, waya na mbao. Halafu ikaonekana kwamba kinafaa pia katika nchi ambazo hazijawahi kuwa na maabara. Mwaka 1956 UNESCO ikatoa kitabu kikubwa zaidi juu ya msingi huohuo, nacho kikaenea katika nchi nyingi. Kwa hiyo, ndugu zangu, mafundisho ya sayansi kwa vitu vya kuokota yalikuzwa na watu waliokuwa katika hali kama yetu, waliopoteza shule zao kwa vita.

Mfano wa pili unatoka India, katika wilaya iliyoitwa Hoshangabad wakati huo, jimbo la Madhya Pradesh. Mwaka 1972 vikundi viwili vya kujitolea vilianza kazi katika shule 16 za vijijini. Watoto walikaa katika makundi ya wanne, wakafanya majaribio wenyewe, wakaandika walichokiona. Mwaka 1978 mpango ulienea katika shule zote za ngazi hiyo wilayani. Hata mtihani ulibadilishwa: mtoto aliruhusiwa kuingia na kitabu chake, na sehemu ya mtihani ilikuwa kazi ya mikono. Mhandisi mmoja, Arvind Gupta, alipofika huko aliwafundisha watoto kujenga maumbo kwa njiti za kiberiti zilizounganishwa kwa vipande vya mpira mwembamba wa vali ya baiskeli.

Mpango huo ulidumu miaka 30, kisha serikali ya jimbo ikaufunga mwaka 2002. Mimi ninalichukua hilo kama onyo kwetu. Kazi nzuri ya miaka mingi inaweza kusimamishwa kwa uamuzi mmoja. Hapa kwetu itasimama mapema zaidi ikiwa wazazi hawaijui na hawakushirikishwa tangu siku ya kwanza. Ndiyo sababu ya kuandika karatasi hii.

Mfano wa tatu ni wa hapahapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aisikrimu ya maziwa pamoja na wenzake. Wenzake walisubiri maziwa yapoe ndipo wayatie kwenye jokofu. Yeye aliyatia yakiwa ya moto, na yakaganda mapema kuliko ya mwenzake. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Dk. Osborne hakucheka. Alirudi, akafanya jaribio, na mwaka 1969 waliandika makala pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, na jina la Mpemba linatajwa katika vitabu vya fizikia duniani kote. Alikuwa mwanafunzi aliyeamini alichokiona kwa macho yake.

MASOMO MATATU YASIYO NA GHARAMA

Haya yamejaribiwa na walimu wetu hapa kambini. Mzazi anaweza kuyafanya hata nyumbani.

1. Jiwe na kamba

Vitu: kamba, mawe mawili (moja zito, moja jepesi), tepu ya fundi cherehani, na saa au simu yenye kuonyesha sekunde.

Funga jiwe kwenye kamba, uning'inize kwenye tawi. Pima kuanzia penye fundo la juu hadi katikati ya jiwe, iwe mita 1 kamili. Lisogeze kidogo pembeni, uliachie bila kulisukuma. Watoto wahesabu: kwenda na kurudi ni mara moja. Kwa dakika moja watapata karibu mara 30.

Sasa waulize kabla ya kujaribu: "Tukifunga jiwe zito, litakwenda mbio zaidi?" Acha wabishane, kila mmoja achague upande. Karibu wote watasema ndiyo. Kisha wajaribu. Watapata tena karibu mara 30, kwa kuwa uzito haubadilishi kitu.

Halafu fupisha kamba mpaka sentimita 25, yaani robo ya ile ya kwanza. Wengi watadhani jiwe litakwenda mara nne. Wakihesabu watapata karibu mara 60, yaani maradufu tu. Hapo ndipo mwalimu anapoleta neno la kitabu, pendulamu, na kanuni yake. Mtoto aliyeshindwa katika ubishi wake mwenyewe hawezi kuisahau.

2. Kiazi na mikono

Hili ndilo lililonipatia jibu la yule mama. Vitu: kiazi kimoja kilichochemshwa na chupa nne za plastiki zenye vifuniko, zilizooshwa kwa maji ya moto.

Kata vipande vinne vyembamba vinavyopita kwenye mdomo wa chupa, kwa kisu kilichochovywa katika maji yanayochemka.

- Kipande cha kwanza kisiguswe na mkono wowote. Kitiwe kwa kijiti kilichochemshwa.
- Cha pili kishikwe na watoto watatu waliotoka kucheza.
- Cha tatu kishikwe na watoto walionawa kwa maji matupu.
- Cha nne kishikwe na watoto walionawa kwa sabuni na maji ya kumiminika.

Fungeni vizuri, andikeni namba, wekeni kivulini. Watoto waangalie kila siku na kuchora wanachokiona. Baada ya siku nne hadi sita madoa huanza kutokea: meupe, ya manjano, au ukungu. Kwa kawaida kipande cha mikono michafu huwa na madoa mengi kuliko vyote, na cha maji matupu nacho hakisalimiki.

Tuwaambie watoto ukweli: kijidudu kimoja hakionekani hivyo, tunachokiona ni kundi kubwa lililozaliana, na si kila kinachoota pale ni cha maradhi. Na kama matokeo yakija tofauti, mwalimu asifiche. Awaulize watoto: "Tulikosea wapi?" Huenda kisu hakikuwa safi. Kutafuta kosa nako ni sayansi.

CHUPA HIZO ZISIFUNGULIWE. Mkimaliza, zifukieni katika shimo refu zikiwa zimefungwa.

Niliomba chupa ya pili na ya nne kwa mwalimu nikampelekea yule mama. Alizigeuzageuza muda mrefu. Mwisho akasema: "Sasa nimeona. Haya, niambie na sabuni itatoka wapi." Sikuwa na jibu zuri. Nilimwonyesha kutumia jivu safi wakati sabuni imekwisha, na ombi lake la sabuni nikalifikisha mkutanoni. Lakini tangu siku hiyo tunazungumza kama watu wanaoangalia kitu kimoja.

3. Mbu ndani ya chupa

Vitu: chupa pana, maji ya kidimbwi yenye viluwiluwi, na kipande cha chandarua kilichochakaa.

Watoto wachote maji yenye viluwiluwi, wafunike mdomo wa chupa kwa chandarua na kukifunga kwa mpira ili mbu wasitoke. Waangalie kwa siku kadhaa. Wataona kiluwiluwi kinabadilika kuwa kama koma yenye kichwa kikubwa, kisha mbu anatoka akiwa na mabawa. Waangalie pia jinsi viluwiluwi vinavyokaa. Vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Vya mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini.

Katika joto la kwetu, kutoka yai mpaka mbu huchukua kama siku 7 hadi 14. Hapo watoto wanaelewa wenyewe kwa nini wahamasishaji tunasema, "Mwageni maji yaliyotuama kila wiki." Ukimwaga kila wiki, mbu hawawahi kuota mabawa. Somo likiisha, maji yamwagwe penye mchanga mkavu juani, na mbu waliotoka wauawe kabla ya kufungua.

DARASA LENYE WATOTO MIA

Mwalimu atasema: "Hayo yanawezekana kwa watoto 20, lakini mimi nina mia na zaidi." Ni kweli, ni kazi ngumu. Walimu wetu wamepata njia hizi:

(a) Makundi ya watoto wanane, kila kundi na kiongozi wake. Kiongozi afundishwe jaribio siku moja kabla, baada ya masomo.

(b) Nusu ya darasa iwe nje na majaribio, nusu ndani ikiandika, kisha wabadilishane.

(c) Kila mtoto awe na kazi: mmoja anashika kamba, mmoja anahesabu, mmoja anaangalia saa, mmoja anaandika. Kazi zibadilishwe kila mara. Tumeona kwamba tusipoangalia, wavulana wanashika vitu na wasichana wanaandika tu. Msichana naye ashike.

(d) Watoto wasioona vizuri au wasiotembea wapewe nafasi ya mbele na kazi wanayoiweza. Mtoto asiyeona anaweza kupima joto la maji kwa mkono, au kuhesabu sekunde kwa sauti.

LUGHA: KITU KWANZA, NENO BAADAYE

Shule zetu za Wakongomani zinafuata mtaala wa Kongo, na madarasa ya juu yanasoma kwa Kifaransa. Watoto wengi wanazungumza Kiswahili, Kibembe au Kifuliiru nyumbani. Mtoto anapopewa kwa wakati mmoja jambo geni na neno geni, anashika neno na kuliacha jambo. Kwa hiyo tunashauri jaribio lifanyike na kuzungumzwa kwa lugha anayoielewa, kisha mwalimu aandike ubaoni neno la Kifaransa, na watoto waliandike chini ya mchoro wao. Mtihani utauliza kwa Kifaransa, nasi hatuwezi kulikwepa hilo. Lakini neno lililobandikwa juu ya kitu kilichoshikwa linakaa.

TAHADHARI

Tafadhali, haya yasifanywe kabisa:

- Watoto wasiokote sindano, mabomba ya sindano wala chupa za dawa karibu na zahanati. Hata yakiwa yanafaa kwa jaribio, ni hatari ya maradhi makubwa.
- Betri za redio na tochi zisivunjwe wala kuchomwa. Betri za sola zisifunguliwe, zina tindikali.
- Mtoto asiangalie jua, iwe kwa macho matupu au kupitia kioo au chupa ya maji.
- Plastiki isichomwe karibu na nyumba za shitingi.
- Moto na maji ya moto vishikwe na mtu mzima.
- Chakula cha familia kisichukuliwe. Kiazi kimoja kinatosha darasa zima, na mtoto asiambiwe alete chakula kutoka nyumbani.

JE, MTIHANI UTAATHIRIKA?

Sasa turudi kwenye swali la wazazi. Ukweli ni kwamba jaribio linachukua muda, na daftari la mtoto linaweza kuwa na kurasa chache kuliko la jirani yake. Wala hatuwezi kumwahidi mzazi kwamba mwanawe atafaulu kwa sababu alipima jiwe na kamba. Tunachoomba si kuacha kuandika. Tunaomba kubadilisha mpangilio: kwanza watoto wakisie, wafanye na kuona, ndipo waandike, na mwisho wajibu maswali ya mitihani iliyopita juu ya somo hilohilo. Kipindi kimoja cha majaribio kwa juma kinatosha kuanzia.

Ukitaka kujua kama mtoto wako anajifunza, usihesabu kurasa tu. Jioni muulize: "Leo mlijaribu nini? Ulidhani nini kitatokea? Kikatokea nini?" Akikueleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, huyo ameelewa. Akikuimbia sentensi ambayo hajui maana yake, hapo ndipo pa kwenda kumuona mwalimu.

Tukubali pia mipaka yetu. Chupa na kamba havitachukua nafasi ya darubini, wala kemia yote ya sekondari haiwezi kufundishwa kwa jivu na limau. Tutaendelea kuyaomba mashirika vifaa hivyo. Lakini mtoto wa mwaka wa nne hawezi kusubiri mpaka vifaa vifike, kwa maana mwakani atakuwa wa mwaka wa tano.

MZAZI UNAWEZA KUSAIDIA NINI?

1. Peleka shuleni chupa safi za plastiki zenye vifuniko, mikebe, vipande vya kamba, waya na mipira ya baiskeli iliyokwisha kazi.
2. Mafundi seremala, cherehani, baiskeli na redio mnaombwa kutoa saa moja kwa mwezi kuwaonyesha watoto kazi yenu. Mizani, nyenzo na magurudumu mnavitumia kila siku.
3. Njoo uone. Siku ya majaribio ya wazazi itatangazwa na mwenyekiti wa kijiji chako. Utashika kamba na kuhesabu kama mwanao.
4. Mwenye lalamiko asinyamaze. Aliseme kwa kamati ya wazazi, ili mwalimu apate kueleza.

Yule mama mzee nimemwomba aje siku hiyo, akae mbele. Amekubali kwa sharti moja: watoto wamjibu wao wenyewe, mimi ninyamaze.

Kwa maelezo zaidi, muoneni mhamasishaji wa eneo lenu au mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nanyi. Tafadhali ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani yako, au msomee asiyejua kusoma.